Mtoro wa jeshi na wenyeji wake: maneno machache juu ya sinema «The Thin Red Line»

Sinema za vita ni nyingi, na zilizo nyingi hazistahili nafasi katika kurasa hizi. Vijana wazitazama, wapiga kelele, na kesho yake wamekwisha kuzisahau. Iko lakini moja isiyosahauliwa upesi, na wako mapadri na walimu wa dini wanaopenda kuionyesha kwa vijana, wakisema kwamba ndani yake mna roho ya Injili. Jina lake ni «The Thin Red Line». Kwa Kifaransa waliiita «La Ligne rouge». Aliyeitengeneza ni Terrence Malick, mtu wa Marekani, katika mwaka 1998, baada ya kukaa miaka 20 bila kutoa sinema hata moja. Katika mwaka 1999 ilipewa kule Berlin zawadi kubwa iitwayo Dubu wa Dhahabu.

Wengine waisifu mno, wengine wasema ni ndefu na yachosha. Sisi twataka kuuliza neno moja tu: yatufundisha nini juu ya askari anayekimbia jeshi na kwenda kukaa kwa watu wa mbali, na yatufundisha nini juu ya watu wale wanaompokea? Neno hilo si la Wamarekani peke yao. Katika inchi yetu, toka uasi wa Force Publique wa Julai 1960 hata vita vya miaka hii, wanakijiji wengi wamewaona watu wenye bunduki wakitokea katika majani, wakiomba maji, chakula na pahali pa kulala. Kwa hiyo sinema hii yatuhusu, nasi tunayo haki ya kuihukumu.

I. Habari kwa kifupi

Tuko katika kisiwa cha Guadalcanal, katika Visiwa vya Salomoni, Bahari ya Pasifiki. Wakati ule visiwa hivyo vilikuwa chini ya Uingereza. Vilipata uhuru tarehe 7 Julai 1978. Wamarekani walishuka Guadalcanal tarehe 7 Agosti 1942, na Wajapani walimaliza kuondoka mwanzo wa Februari 1943. Ilikuwa miezi 6 ya damu, njaa na malaria.

Sinema yaanza na askari mdogo Witt, aliyetoroka kikosi chake pamoja na mwenzake mmoja. Akaa katika kijiji cha Wamelanesia, kando ya bahari. Watoto wazamia katika maji, mama aogesha mtoto wake, watu watembea wakiimba. Kisha meli ya jeshi yatokea, naye akamatwa. Serjenti wake, Welsh, hampeleki mbele ya waamuzi, bali ampa kazi ya kubeba machela. Wakati wa kushambulia kilima Witt aomba kurudi kati ya wenzake, na apigana vema. Vita vikitulia kidogo, aenda tena kijijini, lakini safari hii haoni furaha ya kwanza. Mwishoni, karibu na mto, ajitoa kuwavuta Wajapani nyuma yake kusudi wenzake waokoke. Wajapani wamzunguka mahali peupe kati ya miti, na hapo auawa.

Habari hii imetolewa katika kitabu cha James Jones cha mwaka 1962. Jones mwenyewe alipigana Guadalcanal na kujeruhiwa kule. Lakini katika kitabu chake hakuna kijiji hiki cha amani: Malick ndiye aliyekiongeza. Basi anayetaka kujua fikira ya Malick na atazame hasa pale alipoongeza.

II. Jicho la mtoro

Katika safari ya kwanza yote ni mazuri. Mtazamaji mwepesi asema moyoni: kumbe, hawa ndio wanaoishi kama Adamu na Eva kabla ya dhambi. Lakini Malick ameficha mwiba katika picha ile. Witt aongea na mama mmoja mwenye mtoto mikononi, ashangaa kwamba watoto wa pale hawapigani. Mama amjibu kwamba wapigana wao pia, wanapocheza. Tena Witt amwuliza kama amwogopa. Mama akubali: ndiyo, amwogopa, kwa sababu aonekana kama askari.

Sisi twaona kwamba katika sinema nzima hakuna neno kubwa kupita jibu la mama huyu. Mtoro adhani ameacha vita nyuma yake. Ameweka bunduki chini, amecheza na watoto. Lakini machoni pa mama angali mtu wa jeshi. Mama yeyote wa Masisi au wa Irumu angejibu vile vile. Kwa aliyempokea, askari mtoro ni askari bado, hata anapocheka, maana wako wanaomtafuta. Nao watakuja na bunduki, na watafika katika nyumba ya mwenyeji wake.

Ikafika safari ya pili. Wanaume wagombana kwa sauti kubwa, watoto wamkwepa, wengine wana magonjwa ya ngozi, na mafuvu ya vichwa vya watu yamepangwa mahali pake. Je, kijiji kimegeuka katika siku chache? Hapana. Magonjwa yalikuwako, ugomvi ulikuwako. Mafuvu nayo, katika sehemu nyingi za visiwa vile, wazee waliyahifadhi kwa heshima ya wakubwa wao waliokufa; asiyejua desturi ndiye anayetishika. Kilichogeuka ni jicho la Witt. Amerudi na damu ya kilima machoni, na sasa aona vita popote. Malick ameonyesha jambo hili bila kuhubiri, nasi twamsifu kwa hilo.

Jambo hili tumeliona hata kwetu. Colin Turnbull, mtaalamu Mwingereza, alikaa na Bambuti kule Epulu, katika pori la Ituri, na katika mwaka 1961 alitoa kitabu «The Forest People». Mle Bambuti ni watu wa furaha na amani, na pori ni kama mzazi wao. Katika mwaka 1972 alitoa kitabu kingine juu ya Waik wa Uganda, waliokuwa katika njaa kali. Mle twasoma juu ya watu ambao hata mzazi na mtoto hawapendani tena. Wataalamu wengi walimkosoa kwa kitabu kile. Hatusemi kwamba alitaka kudanganya. Twasema tu: anayekwenda kwa watu akitafuta paradizo, siku atakapoikosa ataona jehanamu. Na katika yote mawili hamwoni mtu mwenyewe, anayelima, anayegombana na ndugu yake, anayesamehe, anayeugua na kupona.

Malick apita pia wengine waliotunga juu ya watoro. Katika mwaka 1969 Mfaransa Pierre Schoendoerffer alitoa hadithi «L'Adieu au roi», iliyopata zawadi ya Interallié mwaka ule ule. Katika mwaka 1989 John Milius aliifanya sinema. Pale askari mtoro aingia katika misitu ya Borneo wakati wa vita hivi hivi, na Wadayak wamfanya mfalme. Ndoto hii ni ya zamani: Mzungu afika na njaa na nguo zilizopasuka, na punde si punde ndiye mkubwa wa wote, kana kwamba watu wale walikuwa wakimngoja yeye kusudi wapate akili. Wazee wetu wangecheka. Witt wa Malick hatoi amri, hafundishi kitu, hakombolei mtu. Ni mgeni, basi. Nick Nolte, aliyecheza yule mfalme wa Borneo, katika sinema ya Malick ni koloneli Tall, mwenye kiu ya cheo. Kila mtu apime mwenyewe ni nafasi ipi iliyomfaa zaidi.

Na mtoro wa kweli, je? Historia ya vita vile yatupa mmoja. Herman Perry, askari mweusi wa Marekani, alifanya kazi katika barabara ya Ledo, kati ya India na Burma. Katika jeshi lao la wakati ule weusi walitengwa na weupe, na wengi wa Wamarekani waliojenga barabara ile walikuwa weusi. Mwezi wa Machi 1944 Perry alimpiga risasi ofisa mweupe aliyetaka kumkamata, akakimbilia milima ya Wanaga, akapokelewa, akaoa kwao. Alikamatwa, akatoroka tena, akanyongwa mwezi wa Machi 1945. Brendan Koerner aliandika maisha yake katika kitabu cha mwaka 2008. Mtu yule aliteswa na dharau, na hilo tulikumbuke. Aliua pia, na hilo tusilifiche. Milima haikumponya, na mke wake Mnaga akabaki bila mume.

III. Wenyeji wasio na majina

Sasa tuseme kosa la sinema hii. Ni ndefu karibu saa 3, na askari wana majina: Witt, Welsh, Staros, Tall, Bell, na wengine wengi. Mwenyeji hata mmoja hana jina. Iko picha moja ya ajabu: askari wapanda kwa safu katika majani, mzee wa kienyeji apita kando yao akielekea upande mwingine, bila kusalimu wala kugeuza macho. Twafahamu: vita si vyake. Lakini mzee huyu atoka wapi? Shamba lake liko wapi? Ni nani aliye nyumbani mwake? Hatutajua.

Kosa lazidi kuonekana katika nyimbo. Zile sauti nzuri zinazojaza sinema si sauti za «watu wa porini ambao dunia haijawagusa». Ni nyimbo za kanisa! Waliziimba Wamelanesia wakristu, kati yao waimbaji wa kanisa la All Saints la Honiara, na katika wimbo mmoja wamtolea Mungu maisha yao kwa lugha ya Pijin. Karibu na mwanzo Malick aliweka pia «In Paradisum» ya Gabriel Fauré, sala ile tunayoijua sote tunapomsindikiza marehemu kaburini. Wimbo wa Fauré, mtazamaji wa Ulaya autambua kuwa sala. Wimbo wa Wamelanesia adhani ni sauti ya bahari na miti. Wote wawili wasali, lakini mmoja tu ahesabiwa kuwa anasali.

Na ukristu wa visiwa vile haukuanza jana. Askofu Jean-Baptiste Epalle, wa Shirika la Maria, alipigwa katika kisiwa cha Santa Isabel mwezi wa Desemba 1845 akafa kwa majeraha yake. Ndugu zake wa shirika walirudi katika mwaka 1898, wakaanza upya katika kisiwa kidogo cha Rua Sura, karibu na Guadalcanal. Kwa upande wa Waanglikana, Ini Kopuria, mwana wa Guadalcanal aliyekuwa polisi, alianzisha katika mwaka 1925 udugu wa watawa wenyeji wa kupeleka Injili vijijini. Katika mwaka 2003 watawa 7 wa udugu ule waliuawa katika kisiwa kile kile wakati wa vita vya wenyeji, walipokuwa wakimtafuta ndugu yao na kutafuta amani.

Na katika mwezi wa Septemba 1942, wakati ule ule wa habari ya sinema, Wajapani waliwaua huko Guadalcanal Padri Duhamel wa Marekani, Padri Oude-Engberink wa Uholanzi, na Masista Sylvie na Odilie, waliokamatwa katika misioni ya Ruavatu. Hao hawakutoroka. Walibaki na wakristu wao.

Wenyeji nao hawakukaa tu wakiogelea. Jacob Vouza, serjenti wa polisi aliyekwisha kustaafu, alikamatwa na Wajapani mwezi wa Agosti 1942. Walimfunga kwenye mti, wakamwuliza habari, naye akakataa kusema; wakamchoma na visu vya bunduki. Wakamwacha wakidhani amekufa. Alikata kamba kwa meno, akajikokota hata kwa Wamarekani, akawapa habari ya adui. Uingereza ilimpa cheo cha «Sir» katika mwaka 1979, akafa 1984. Tena maelfu ya vijana wa visiwa walibeba mizigo ya jeshi. Waliona kule askari weusi wa Marekani wakila na kuvaa kuliko walivyozoea wao chini ya wakubwa wao; na wengi waliporudi kwao Malaita waliingia katika Maasina Ruru, kundi lililoanza 1944 na kudai kujitawala. Hayo yote hayamo katika sinema, hata kwa dalili.

Mtu atatujibu: sinema yaangalia mambo kwa jicho la Witt, na Witt hakujua majina yao. Jibu hili lina nguvu kidogo. Lakini Malick alimpa hata Mjapani aliyekufa, uso wake katika udongo, sauti ya kusema na walio hai. Aliweza basi kumpa mwenyeji mmoja sauti ya namna hiyo. Hakumpa. Wazee wetu waliobeba mizigo ya vita kutoka Kivu hata Tabora katika mwaka 1916 wamebaki vile vile katika picha za zamani: vichwa, migongo, masanduku, na chini ya picha jina la ofisa tu. Tusikubali desturi hiyo kwa sababu tu picha ni nzuri.

IV. Mtoro, kapiteni na dhamiri

Wengi wamwita Witt mfano wa Kristu. Fikira hiyo ilipata nguvu zaidi wakati mchezaji wake, James Caviezel, alipocheza Bwana Yezu katika «The Passion of the Christ» ya mwaka 2004. Tuwe na kiasi. Kutoa maisha kwa ajili ya wenzake ni upendo ambao Bwana aliuita mkubwa kuliko wote, na mbele ya kifo cha Witt twainamisha kichwa. Lakini tusichanganye matendo yake mawili. Alitoroka kwa kutafuta raha ya moyo wake. Alikufa kwa ajili ya wengine. La pili halifanyi la kwanza kuwa utakatifu.

Katika sinema ile ile yuko mtu mwingine ambaye vijana wetu wanamsahau: kapiteni Staros. Usiku asali peke yake, amwomba Mungu asiwasaliti watu wake. Kesho yake koloneli Tall aamuru awapeleke moja kwa moja mbele ya bunduki za adui, na Staros akataa. Akataa kwa sauti, kwa simu ya jeshi, mbele ya mashahidi. Baadaye aondolewa katika ukubwa wake, arudishwa kwao. Hakukimbia, na hakuua watu wake kwa utii wa upofu.

Hapo Mtaguso wa Vatikano wa Pili watuangazia. «Gaudium et Spes» ya mwaka 1965, namba 79, yataka sheria ziwe na utu kwa wale ambao dhamiri yawakataza kushika silaha, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Tena yawasifu sana wale wanaowapinga waziwazi na bila woga wenye kuamuru maovu. Neno «waziwazi» lina uzito. Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, alikataa mbele ya wote kumpigania Hitler; alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na Kanisa lilimtangaza mwenyeheri katika mwaka 2007.

Hata hivyo tusiwe wepesi kumtupia jiwe kila mtoro. Mtoto aliyenyakuliwa shuleni na kutiwa bunduki mkononi hana deni kwa wale waliomnyakua: kutoroka kwake ni kukombolewa. Naye anayekimbia kwa sababu aliamriwa kuchoma nyumba za watu, amekimbia dhambi. Pimeni kwanza alichokimbia, kisha pimeni mzigo anaouweka juu ya wenyeji wake.

V. Faida kwetu

Je, sinema hii ionyeshwe? Twasema ndiyo, kwa mafratri na kwa vijana waliokomaa, si kwa watoto, kwa maana damu ni nyingi. Lakini anayeionyesha asiwaache watu waende kulala nayo hivi hivi. Awaulize: mama yule alijibu nini, na kwa nini? Nyimbo zile ni za nani? Nani alikufa Guadalcanal ambaye hatukumwona? Kisha awape majina tuliyoyataja hapa.

Kwa mapadri na walimu wa dini walio vijijini, liko neno la kazi. Mtoro akibisha mlangoni usiku, huruma ni lazima: ana njaa, apewe chakula, ana jeraha, lioshwe. Lakini huruma isilipwe na maskini peke yao. Silaha isiingie katika nyumba ya mkristu, wala mtu yule asifichwe kwa mjane au kwa wazee kwa sababu tu hawawezi kukataa. Wakubwa wa kijiji wajue, naye asaidiwe kujitoa salama mikononi mwa watu wenye haki ya kumpokea. Anayemficha mtu bila kuwafikiria majirani amefanya wema kwa mali ya wengine.

Kwa ninyi mafratri, mtakaotumwa kesho katika misioni za mbali, kwa Bambuti au kwa watu wengine wa porini, twaongeza neno hili. Witt alifika kijijini mara mbili. Mara ya kwanza alipenda kila kitu, mara ya pili alichukizwa na kila kitu, akaenda zake. Ninyi pia mtaonja siku hizi mbili, na ya pili itafika upesi kuliko mnavyodhani: ugomvi wa mipaka ya mashamba, wagonjwa wasiopona, watoto wanaowakimbia. Hapo ndipo utume waanza. Kaeni, jifunzeni lugha, ulizeni majina, tena majina ya wazazi na ya waliokufa, na myaandike vizuri katika vitabu vya parokia.